Namna ya kuandika na kusoma historia ya ugonjwa wa moyo katika ukoo, kwa mwanamume na kwa mwanamke

Mtu akiulizwa kliniki kama katika ukoo wake kuna ugonjwa wa moyo, kwa kawaida hujibu ndiyo au hapana, na mazungumzo huishia hapo. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu habari yenyewe imo katika maswali mawili ambayo huwa hayaulizwi: aliyeugua alikuwa mwanamume au mwanamke, na aliugua akiwa na umri gani. Baba aliyepata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 78 hasemi mengi kuhusu alichowarithisha wanawe, kwani kufikia umri huo mishipa ya watu wengi imekwisha kuchakaa kwa sababu zozote zile. Dada aliyepatwa na jambo hilohilo akiwa na miaka 49 anasema mengi, tena anawasemea hata kaka zake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukusanya habari hizo, namna ya kuzisoma kwa kuzingatia jinsia ya aliyeugua na ya anayesoma, na namna ya kuzifikisha kliniki zikiwa katika hali ya kumsaidia daktari kuamua.

Ugonjwa unaozungumziwa ni ule wa ateri za moyo, yaani mishipa inayoulisha msuli wa moyo wenyewe, ambayo kwa miaka mingi hujengeka utando wa mafuta katika kuta zake hadi damu ikakosa njia. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9 mwaka 2019, na idadi kubwa ya vifo hivyo ilitokana na mshtuko wa moyo na kiharusi. Wanaume huanza kuugua mapema zaidi. Katika utafiti wa INTERHEART, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004 baada ya kukusanya wagonjwa kutoka nchi 52, wanawake walipata mshtuko wa moyo wa kwanza wakiwa na umri uliozidi ule wa wanaume kwa takriban miaka tisa. Tofauti hiyo ya miaka ndiyo iliyozaa dhana kwamba huu ni ugonjwa wa wanaume, ilhali kinachotofautiana zaidi ni saa ya kufika kwake.

Kuandaa karatasi ya ukoo

Chukua karatasi moja na uandike jina la kila ndugu wa damu wa karibu katika mstari wake. Ndugu wa daraja la kwanza ni wazazi, watoto, na ndugu mliochangia baba na mama. Hawa mnashirikiana nao takriban nusu ya vinasaba. Daraja la pili ni babu na bibi, wajomba, mama wakubwa na wadogo, baba wakubwa na wadogo, mashangazi, na ndugu mliochangia mzazi mmoja. Hawa mnashirikiana nao kama robo. Mbele ya kila jina andika jinsia, tatizo lililompata, umri aliokuwa nao lilipompata mara ya kwanza, na umri wa kufariki kama ameshafariki. Kisha acha nafasi ya mambo matatu yanayobadilisha maana ya mstari mzima: kama alivuta sigara, kama alikuwa na kisukari, na kama alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Umri unaotakiwa hapa ni ule wa tukio la kwanza, na wala si ule wa kifo. Mtu anaweza kupata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 52, akatibiwa, akaishi hadi 80, na ukoo ukamkumbuka kama mzee aliyekufa kwa uzee. Waulize wanaokumbuka kwa maneno ya kawaida, maana swali la “je, alikuwa na ugonjwa wa ateri za moyo” halimsaidii mtu. Uliza kama aliwahi kulazwa kwa maumivu ya kifua, kama aliwahi kuzibuliwa mshipa au kuwekewa kijibomba cha kuushikilia mshipa wazi, kama alipasuliwa kifua, kama alikuwa akimeza dawa za kupunguza mafuta katika damu, na kama alifariki ghafla bila kuugua. Kifo cha ghafla cha kijana, au mtu aliyezama majini ilhali alijua kuogelea, nacho kiandikwe, ingawa hicho huelekeza zaidi kwenye maradhi ya kurithi ya mapigo na msuli wa moyo, ambayo yana uchunguzi wake.

Kwa wanawake wa ukoo, uliza mara mbili. Kwa maoni yangu hapa ndipo karatasi nyingi hupungukiwa, kwa kuwa maradhi ya moyo ya mwanamke hupewa kwa urahisi majina mengine: uchovu, vidonda vya tumbo, wasiwasi, pumzi fupi, presha. Bibi anayesemekana alikuwa “akichoka sana na kukosa pumzi” kwa mwaka mzima kabla ya kufariki akiwa na miaka 60 astahili mstari wake, hata kama hakuna cheti chenye neno moyo. Andika kilichosemwa kama kilivyosemwa, na uache alama ya kuuliza pembeni.

Mipaka miwili: miaka 55 na miaka 65

Karatasi ikishajaa, tafuta mistari yenye uzito. Kanuni inayotumiwa na miongozo mingi ya tiba ni kwamba historia ya ukoo huhesabiwa kuwa ya mapema iwapo ndugu wa kiume wa daraja la kwanza aliugua kabla ya kutimiza miaka 55, au ndugu wa kike wa daraja hilohilo aliugua kabla ya kutimiza miaka 65. Mpaka wa mwanamke umesogezwa mbele kwa miaka kumi kwa sababu wanawake huchelewa kuugua, kwa hiyo mwanamke wa miaka 62 aliyepata mshtuko wa moyo amewahi kwa kipimo cha jinsia yake, japo masikioni mwa wengi umri huo hauonekani kuwa mdogo.

Uzito wa jambo hili ulionekana wazi katika utafiti wa mapacha wa Sweden uliochapishwa mwaka 1994, uliowahusisha mapacha 21,004 waliozaliwa kati ya mwaka 1886 na 1925 na kufuatiliwa kwa miaka 26. Miongoni mwa wanaume, yule ambaye pacha wake wa kufanana kabisa alifariki kwa ugonjwa wa ateri za moyo kabla ya miaka 55 alikuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa huo iliyozidi mara 8.1 ile ya mwanamume ambaye pacha wake hakufa mapema hivyo. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa mara 3.8. Miongoni mwa wanawake, pacha wa kufanana akifariki kabla ya miaka 65, hatari ilikuwa mara 15.0, na kwa wasiofanana mara 2.6. Jozi zenye vifo vya mapema zilikuwa chache, hivyo tarakimu hizo zisisomwe kama bei iliyopangwa, lakini mwelekeo wake unaeleweka: mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, hufuatana katika ugonjwa kuliko mapacha wasiofanana waliolelewa nyumba moja. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba nguvu ya urithi hupungua kadiri umri wa kifo cha pacha wa kwanza unavyosogea uzeeni.

Watafiti walipowatazama tena mapacha hao baada ya miaka 36 ya ufuatiliaji, katika ripoti ya mwaka 2002, walikadiria kwamba urithi unaeleza asilimia 57 ya tofauti za mwelekeo wa kufa kwa ugonjwa huu miongoni mwa wanaume, na asilimia 38 miongoni mwa wanawake. Tarakimu hizi husomwa vibaya mara kwa mara. Hazimaanishi kwamba asilimia 57 ya ugonjwa wa mwanamume fulani imetoka kwa wazazi wake na asilimia 43 imetoka nje; zinaeleza kwa nini watu wa kundi moja wanatofautiana wao kwa wao. Katika jamii ambayo kila mtu anavuta sigara, sigara haielezi tofauti yoyote, na urithi utaonekana mkubwa kupita kiasi. Wala asilimia 38 ya wanawake haipingani na ile mara 15.0. Kwa wanawake kwa jumla mazingira na umri vina nafasi kubwa zaidi, lakini mwanamke anapougua mapema, jambo ambalo ni nadra, kuna uwezekano mkubwa kwamba kimemsukuma kitu cha ndani ya ukoo.

Tuchukue mfano wa kubuni na tuusome mstari kwa mstari. Kaka ana miaka 41, dada yake ana 38, baba mmoja mama mmoja. Baba yao ana miaka 70 na shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa. Baba yao mdogo alianguka akafa kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 67. Bibi mzaa mama alipata kiharusi akiwa na miaka 82. Mama yao alipata kisukari akiwa na miaka 50, akapata mshtuko wa moyo akiwa na 61, akatibiwa, na leo yu mzima. Ukiwauliza wenyewe, watakutajia kwanza baba mdogo, kwa kuwa kifo chake kiliwatikisa wote. Lakini baba mdogo ni wa daraja la pili na aliugua baada ya miaka 55. Mstari wake ni mwepesi. Bibi wa miaka 82 naye ni mwepesi. Mstari mzito ni wa mama, ambaye hakuna anayemtaja kwa kuwa alipona: ni wa daraja la kwanza, mwanamke, na hakuwa ametimiza 65. Mstari huo unamhusu mwana sawasawa na unavyomhusu binti. Kisukari chake kinaeleza sehemu ya tukio, na ingekuwa rahisi kusema basi chanzo ni kisukari wala si ukoo. Ila mwelekeo wa kupata kisukari nao hurithiwa, kwa hiyo kaka na dada hawa wana mambo mawili ya kupima badala ya moja.

Ukiona mistari miwili au zaidi mizito upande mmoja wa ukoo, hatari huongezeka kuliko mstari mmoja. Na ukiwa hujui wazazi wako wa kuzaliwa, usiandike “hakuna”. Andika “haijulikani”, kwa sababu maneno hayo mawili humwelekeza daktari njia tofauti.

Lehemu ya kurithi

Sehemu kubwa ya urithi wa ugonjwa wa moyo hutokana na vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia kidogo. Kuna hali moja, hata hivyo, ambapo kinasaba kimoja kinatosha. Ni lehemu ya juu ya kurithi, ambapo ini hushindwa kuondoa lehemu mbaya, yaani kolesteroli aina ya LDL, katika damu tangu mtu anapozaliwa. Kasoro huwa katika kinasaba cha LDLR mara nyingi, na pengine katika APOB au PCSK9. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua vipokezi vya LDL na kueleza namna vinavyofanya kazi, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Hali hii humpata mtu mmoja katika kila watu 250 hivi, na kila mtoto wa mwenye nayo, awe wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Kasoro ni ileile, lakini jinsia hubadilisha ratiba yake. Bila matibabu, takriban nusu ya wanaume wenye hali hii hupata ugonjwa wa ateri za moyo wafikapo miaka 50, na takriban asilimia 30 ya wanawake wafikapo miaka 60. Kwa hiyo mama anaweza kuwa nayo, akafika miaka 50 bila dalili yoyote, huku mwanawe wa kiume aliyeirithi kwake akiugua kabla yake. Ukoo wa namna hiyo husema ugonjwa “ulianzia kwa kijana”, kumbe ulipita kwa mama kimyakimya.

Ishara za kutafuta ni LDL ya miligramu 190 kwa desilita au zaidi, sawa na milimoli 4.9 kwa lita, kwa mtu mzima ambaye hajaanza dawa, pamoja na ndugu waliougua mapema. Iko na ishara ya kushika kwa mkono. Keti, legeza mguu, kisha ubane kwa kidole gumba na cha shahada ule mshipi mnene unaounganisha kisigino na msuli wa nyuma ya mguu, ukipanda nao polepole. Kwa kawaida huwa laini na wenye unene ulio sawa. Ukikuta umenenepa, au una vinundu vigumu visivyoteleza peke yake kama uvimbe wa ngozi, mwonyeshe daktari. Mafuta hujikusanya hapo, na pia kwenye mishipi ya juu ya vifundo vya vidole vya mkono. Kutokuwepo kwa vinundu hakuondoi shaka, maana wengi wenye hali hii hawana. Akithibitishwa mmoja, ndugu wote wa daraja la kwanza wapimwe lehemu, wakiwemo watoto, na kwao kipimo kinafaa kufanyika kufikia umri wa miaka 10 hivi. Msichana akikua na kuanza dawa za statini, ambazo hupunguza lehemu, azungumze na daktari wake kabla ya kupanga kupata mimba, kwa kuwa dawa hizo kwa kawaida husitishwa wakati wa ujauzito.

Kitu cha pili cha kuomba kipimwe, walau mara moja maishani, ni lipoprotini a, chembe ya mafuta inayofanana na LDL lakini yenye protini ya ziada iliyonata juu yake. Kiwango chake huamuliwa kwa sehemu kubwa sana na urithi, hubadilika kidogo tu kwa chakula au mazoezi, na mtu mmoja kati ya watano hivi anacho kikiwa juu. Kwa wanawake huelekea kupanda kidogo baada ya hedhi kukoma. Vipimo vya kawaida vya mafuta katika damu havikionyeshi, hivyo lazima kitajwe kwa jina.

Ukurasa wa mwanamke

Mwanamke anahitaji ukurasa wa ziada, kwa kuwa maisha yake ya uzazi yana majaribio ya mwili ambayo mwanamume hayapitii, na matokeo ya majaribio hayo hutabiri mengi. Ujauzito huulazimisha moyo kusukuma damu nyingi zaidi na huufanya mwili upambane na sukari kwa njia ngumu zaidi. Mwili wenye udhaifu uliojificha mara nyingi huonyesha udhaifu huo wakati huo, kisha hutulia baada ya kujifungua, na faili la kliniki ya wajawazito hufungwa bila yeyote wa upande wa moyo kulisoma.

Andika kama katika mimba yoyote ulipata shinikizo la juu la damu, hasa lile linaloambatana na protini katika mkojo, ambalo likiachwa huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wanawake waliopitia hali hiyo walikuwa na hatari ya ugonjwa wa ateri za moyo iliyozidi mara mbili ile ya wenzao, na hatari ya kupata shinikizo sugu la damu karibu mara nne. Andika kama ulipata kisukari cha ujauzito, hata kama sukari ilirudi kuwa ya kawaida baada ya kujifungua. Hatari ya kuja kupata kisukari cha aina ya pili huongezeka mara kadhaa. Andika mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na umri hedhi ilipokoma. Hedhi kukoma kabla ya miaka 45, na hasa kabla ya 40, iwe kwa njia ya asili au kwa kuondolewa ovari, huhesabiwa kuwa jambo la kuongeza hatari. Maradhi ya kinga kama baridi yabisi na lupasi, ambayo huwapata wanawake zaidi, nayo yaandikwe, pamoja na mionzi ya kutibu saratani ya titi.

Baada ya hedhi kukoma, LDL hupanda, mafuta huhamia tumboni, na shinikizo la damu huelekea kupanda pia. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kurudisha homoni kwa vidonge kungeukinga moyo. Jaribio kubwa la Marekani lililowahusisha wanawake 16,608 lilisitishwa mwaka 2002 baada ya kuonekana kwamba mchanganyiko wa estrojeni na projestini ulileta madhara yaliyozidi faida, na haukuzuia ugonjwa wa moyo. Homoni hizo bado hutumiwa, kwa haki kabisa, kutuliza joto la ghafla na dalili nyingine za kukoma hedhi kwa wanaofaa kuzitumia. Hazitolewi kwa ajili ya kinga ya moyo.

Mwanamume ana jambo moja la kuongeza ambalo kwa aibu huachwa nje: kupungukiwa nguvu za kiume. Mishipa ya sehemu hiyo ni myembamba kuliko ateri za moyo, na tatizo la kuta za mishipa linaweza kujitokeza huko miaka michache kabla ya maumivu ya kifua. Anayetafuta dawa ya tatizo hilo peke yake bila kupimwa shinikizo, sukari na lehemu anapitwa na onyo alilopewa mapema.

Mazingira hayawagusi sawa

Utafiti wa INTERHEART uliorodhesha mambo tisa yanayopimika au kubadilika: sigara, lehemu, shinikizo la damu, kisukari, unene wa tumbo, msongo wa maisha, uchache wa matunda na mboga, kutofanya mazoezi, na pombe. Kwa pamoja yalieleza takriban asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa moyo wa kwanza kwa wanaume na 94 kwa wanawake. Orodha ni moja kwa jinsia zote mbili, ila uzito wa kila jambo hutofautiana, na shinikizo la damu pamoja na kisukari yalionekana kuwa mazito zaidi kwa wanawake.

Uchambuzi wa mwaka 2011 uligundua kwamba mwanamke avutaye sigara, akilinganishwa na mwanamke asiyevuta, huongeza hatari yake kwa kiwango kinachozidi kwa asilimia 25 kile anachojiongezea mwanamume avutaye. Mwaka 2014, uchambuzi mwingine wa watu zaidi ya 850,000 ulionyesha jambo la aina hiyohiyo kwa kisukari, tofauti ikiwa asilimia 44. Tahadhari ya kusoma: huu ni ulinganisho wa kila jinsia na watu wake. Mwanamume wa miaka 50 mwenye kisukari bado kwa kawaida ana uwezekano mkubwa wa kupata mshtuko wa moyo kuliko mwanamke wa umri wake mwenye kisukari. Kinachotokea ni kwamba ugonjwa huo humnyang’anya mwanamke sehemu kubwa ya nafuu aliyokuwa nayo. Kwa hiyo mwanamke mwenye kisukari asifarijiwe kwa jinsia yake, na mwanamke avutaye sigara aliyepita miaka 35 asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, maana viwili hivyo kwa pamoja huongeza sana hatari ya damu kuganda. Zipo njia nyingine.

Swali la kawaida ni kama kuna maana ya kubadili mwenendo iwapo ukoo ni mbaya. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya watu 55,685 waliopimwa vinasaba, wengi wao wakafuatiliwa kwa miaka. Miongoni mwa waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kurithi, wenye mwenendo mwema, yaani kutovuta sigara, kutokuwa wanene kupita kiasi, kufanya mazoezi na kula vizuri, walikuwa na matukio ya moyo pungufu kwa karibu asilimia 46 kuliko wale wenye mwenendo mbaya. Urithi haukufutika, lakini karibu nusu ya hatari ilikuwa mikononi mwao. Kumbuka pia kwamba ukoo hurithishana na vitu visivyo vya damu: kiasi cha chumvi katika chungu, moshi wa jikoni, sigara ndani ya nyumba, saa za kulala. Mke na mume hawana damu moja, lakini wanakula sufuria moja na kuvuta hewa moja, hivyo mmoja akipatikana na shinikizo au kisukari, mwenzake naye apimwe.

Kupima kabla ya kwenda

Shinikizo la damu lililopimwa nyumbani lina thamani kubwa likipimwa sawasawa. Usinywe kahawa wala chai, usivute sigara, na usifanye kazi ya nguvu kwa nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Keti dakika tano ukiwa umeegemea kiti, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni na miguu bila kupishana, mkono ukiwa umelazwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukiwa juu ya ngozi na si juu ya shati. Usizungumze. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja, asubuhi na jioni, kwa siku saba, kisha uache matokeo ya siku ya kwanza na kutafuta wastani wa yaliyobaki. Wastani wa 135 kwa 85 au zaidi nyumbani unahitaji daktari. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha matokeo kwa uongo, na hilo huwapata wengi.

Pima na kiuno, nusu ya njia kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kikiwa zaidi ya nusu ya urefu wako, mafuta ya tumboni yamezidi, na kipimo hicho kinafaa kwa mwanamke na mwanamume bila kubadilishwa.

Ukiwa mbele ya daktari, toa karatasi, kisha taja mistari mizito tu kwa sentensi moja moja: mama, mshtuko wa moyo, miaka 61, mimi mwenyewe, shinikizo la juu katika mimba ya pili. Omba kipimo cha mafuta katika damu chenye LDL, kipimo cha sukari, na lipoprotini a kama kinapatikana. Uliza kama kikokotoo cha hatari kinachotumika, yaani hesabu ya kukadiria uwezekano wako wa kuugua, kimezingatia ukoo na historia ya ujauzito, kwa kuwa vikokotoo vingi havina nafasi ya kuyaingiza mambo hayo, na matokeo yake kwa mwanamke wa miaka 40 karibu kila mara yatasomeka kuwa madogo kwa sababu ya umri wake tu. Katika hali kama hiyo daktari anaweza kuomba picha ya kupima madini ya chokaa katika ateri za moyo, ili aone kilichomo badala ya kukisia.

Usianze aspirini kwa uamuzi wako. Sifa yake kama kinga kwa watu wazima wenye afya ilitokana kwa sehemu kubwa na jaribio la madaktari wanaume 22,071 wa Marekani katika miaka ya 1980, ambapo ilipunguza mishtuko ya moyo. Jaribio kama hilo kwa wanawake 39,876, lililotoa matokeo mwaka 2005, halikuonyesha kupungua kwa mishtuko ya moyo kwa jumla, ingawa viharusi vilipungua, na kutokwa damu tumboni kulikuwepo kwa jinsia zote.

Dalili zikianza

Maumivu au mgandamizo wa kifua ndiyo dalili inayoongoza kwa wote wawili, na si kweli kwamba wanawake hawayapati. Tofauti ni kwamba mwanamke ana uwezekano zaidi wa kuwa na dalili nyingine pamoja nayo au badala yake: kichefuchefu, pumzi fupi, jasho la baridi, maumivu ya taya, shingo au mgongo kati ya mabega, na uchovu usio wa kawaida. Pia ateri zake zinaweza kuonekana hazijaziba kwenye picha ilhali tatizo liko kwenye mishipa midogo zaidi, au ukuta wa ateri umechanika wenyewe, tukio ambalo takriban wagonjwa tisa kati ya kumi wanaolipata ni wanawake, wengi wao wakiwa hawana sigara, kisukari wala unene. Jibu la “mishipa yako ni mizuri” halimalizi shauri iwapo maumivu yanarudi. Uliza kilichosababisha kipimo cha troponini, protini inayovuja katika damu msuli wa moyo unapoumia, kupanda, kama kilipanda.

Dalili hizo zikidumu zaidi ya dakika chache, piga simu ya dharura au upelekwe hospitali mara moja, na usijiendeshe gari mwenyewe. Mlangoni, kabla ya kueleza mengine yote, sema unachohisi, kilianza saa ngapi, na umri ambao ndugu wa karibu aliugua moyo. Kipimo cha umeme wa moyo, kiitwacho ECG, kinapaswa kufanyika ndani ya dakika kumi tangu kufika, na mgonjwa, au aliyemsindikiza, ana haki ya kukiomba kwa jina lake.